Kuponi Zilizopigwa Muhuri

Pale Turffontein, Johannesburg, mtu akipata barua asiyoielewa haendi kwa wakili, anakwenda kwa Emery. Iwe barua ya mwenye nyumba, ya shule, ya kliniki au ya kampuni ya simu, Emery atavaa miwani yake yenye mkono mmoja uliofungwa selotepu, ataisoma mara mbili kimyakimya, ya tatu kwa sauti, kisha atakueleza unaitwa wapi, kwa sababu gani, na mstari upi usiutie sahihi hata ukishikiwa panga. Hatozi kitu. Anachodai ni kimoja tu: uikunje barua yako vizuri mbele yake na uitie kwenye bahasha. Kumwona mtu akisokomeza karatasi mfukoni kulimuumiza kama wengine wanavyoumia kuona mkate ukitupwa.

Huyu Emery alifundisha jiografia Bukavu, Kongo, kwa miaka minane. Johannesburg alikuwa bawabu wa maghorofa fulani huko Kensington, na kazi yake ilikuwa kuvaa koti la kampuni, kunyanyua kizuizi na kuandika namba za magari kwenye daftari. Majirani hawakulijali lile koti. Walimwita Mwalimu, naye aliitika kama mtu anayeitwa kwa jina lake. Chini ya kitanda alikuwa na faili la plastiki la kijani, na ndani yake maisha yake yote yalipangwa kwa tarehe: vibali vya ukimbizi tangu cha kwanza, kadi za chanjo za binti yake Chloé, hata risiti ya jiko lililokwisha kufa zamani. Mkewe Léocadie alipenda kusema kwamba nyumba ikishika moto, Papa Chloé ataokoa faili kwanza, halafu ndipo akumbuke kwamba alikuwa na mke. Alisema kwa mzaha, lakini hakuwahi kuomba jambo hilo lijaribiwe.

Basi mwaka ule wa 2017, Murielle, mdogo wake Emery, akapata mchumba. Baba yao alikwisha fariki, kwa hiyo Emery ndiye angesimama kama baba wa bibi arusi. Mchumba alikuwa kijana wa Kikongo wa Durban, na ndugu zake wakatuma habari kwamba watakuja. Wangapi? Basi zima. Kamati ya harusi ilipolisikia neno hilo ilianza kuhesabu sahani kwa vidole. Mwenyekiti wake, Maman Célestine, mshonaji wa nguo mwenye mwili mkubwa na sauti ya kuongoza kwaya, ndiye aliyetamka kilichokuwa vichwani mwa wote.

"Wakwe hawasahau," alisema. "Wakikula wakashiba, watakusifu mwaka moja. Wakikosa nyama, watahadisia mpaka kwa wajukuu."

Mpishi alikuwa Zubeda, mwanamke wa Tanga aliyepanga chumba cha nyuma katika ua uleule wa kina Emery. Zubeda alikuwa Mwislamu na harusi ilikuwa ya kanisani, lakini Turffontein nzima ilikuwa imekwisha kukubaliana kwamba pilau ya Zubeda haiulizwi dini. Yeye ndiye aliyeleta hoja ya kuponi. Supamaketi moja ya jirani ilikuwa ikisherehekea miaka yake tangu ifunguliwe, na kila ukinunua vitu vya kiasi fulani, mashine ilikutemea kuponi pamoja na risiti. Akina mama wa kamati wakala kiapo: tangu Aprili, hata kama ni chumvi, itanunuliwa pale. Wakanunua. Wakasumbua na majirani wawapatie za kwao. Juni ilipokaribia kwisha walikuwa na kuponi thelathini na nane, ishirini na mbili za kuku, kumi za mchele na sita za soda. Bila kuponi hizo theluthi nzima ya karamu ingekuwa hewa. Haikuwapo akiba nyingine ya kuziba pengo, na kila mtu katika kamati alilijua hilo.

Nani azitunze? Hakuna aliyeuliza mara mbili. Zikapelekwa kwa Emery, katika faili la kijani.

Wiki moja kabla ya harusi kamati ilikutana sebuleni kwake ili Mwalimu asome kuponi na kuwaeleza, maana zilikuwa zimejaa vifupisho vidogo ambavyo vingemtoa machozi hata mwenye macho mazuri. Emery alivaa miwani, akainua kuponi moja kwa ncha za vidole viwili.

"Bon. Hapa imeandikwa B2G1. Ni kusema: ununue mbili, wakupe ya tatu bure. Kuku mbili unalipa, ya tatu ni zawadi."

Akina mama wakaguna kwa raha.

"Hapa, Exp, na tarehe: makumi tatu, mwezi wa sita. Ni mwisho wa uhai wake. Kisha hapo iko karatasi ya kufungia karanga. Hapa tena, Ltd 5 p.p. Mtu moja, kuponi tano, basi. Sisi tuko na thelathini na nane, kwa hiyo tutaenda watu munane."

"Na hii T&C?" aliuliza Maman Célestine, aliyekuwa na kuponi yake mwenyewe mkononi.

"Masharti. Ni kusema masharti iko, hata kama hauyaone."

"Na hii nyingine? E, na alama ile ya kujikunja, halafu O na E?"

Emery aliitazama. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Léocadie, aliyekuwa akimimina chai, aliitambua ile sura, akainamia vikombe ili asicheke.

"Ile ni ya sheria," alisema Emery mwishowe. "Haituhusu."

"Mwalimu!" Zubeda alipiga paja lake. "Sema hujui, hatukufukuzi shule! E&OE maana yake wakikosea kuchapa, duka halibanwi. Ukikuta kuku kaandikwa bei ya pipi, usiwashike mashati. Mimi kuponi nimeanza kukata hata Murielle hajajua kupaka rangi ya mdomo."

Wote walicheka, na Emery naye akacheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo, akaandika maana hiyo kwenye daftari lake. Kisha akasoma mstari wa mwisho, ule mdogo kuliko yote: kuponi halisi lazima itolewe kaunta wakati wa kulipa, na nakala haikubaliki. Aliusoma, akautafsiri, akaupigia na mstari kwa rula. Hakuna awezaye kusema Emery hakuuona. Aliuona vizuri sana, tatizo ni namna alivyouelewa.

Zubeda alitaka waende dukani siku ileile, jambo liishe. Lakini wataweka wapi kuku sitini na sita? Ua mzima ulikuwa na friji tatu, moja ikifanya kazi pale ilipojisikia. Wakaamua waende Ijumaa jioni, siku ya mwisho ya kuponi, kuku watoke dukani waingie sufuriani.

"Hakuna shida," alisema Emery akizifungia kuponi kwa mpira. "Akiba haiozi."

"Akiba haiozi, Mwalimu, lakini kuponi inaoza Ijumaa," alisema Zubeda.

Sasa lazima nieleze jambo moja kwa asiyeishi kwa vibali. Johannesburg, ofisi yoyote ikitaka karatasi yako, huipi karatasi yenyewe. Unatoa fotokopi, unaipeleka kituo cha polisi, askari anailinganisha na ile halisi, anagonga muhuri na kutia sahihi kuapa kwamba nakala hii ni ya kweli. Shule wanakubali, benki wanakubali, kliniki wanakubali, wote baada ya kukuambia kwanza kwamba nakala haikubaliki. Emery alikuwa ameyafanya hayo miaka kumi na moja. Kwa hiyo kichwani mwake ule mstari mdogo ulikataza nakala tupu. Nakala yenye muhuri wa polisi haikuwa tupu.

Alhamisi asubuhi, akitoka lindo, alipita kwenye spaza, kiduka cha mtaani, chenye mashine ya fotokopi. Kuponi moja haikuzidi ukubwa wa kiganja cha mtoto, lakini Emery hakutaka kuzibananisha. Kila moja aliipa ukurasa wake, ikakaa peke yake katikati ya weupe. Kisha akaenda kituo cha polisi, akapanga foleni, na zamu yake ilipofika akaweka mezani kurasa thelathini na nane.

Askari alichukua ya kwanza. Akaisoma. Akamtazama Emery.

"Baba, hii inasema kuku."

"Ndiyo, afande."

"Unataka niape kwamba huyu kuku ni wa kweli?"

"Unathibitisha karatasi, afande. Si kuku."

Askari akamwita mwenzake, wakaangalia pamoja, wakacheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. Lakini sheria ilisema athibitishe nakala ya karatasi aliyoletewa pamoja na halisi, na halisi zilikuwapo, zimenyooka. Akavuta kiti, akaanza kugonga. Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni walisonya kwa Kizulu, kwa Kisotho na kwa lugha nyingine za Mungu, lakini Emery alisimama wima mpaka muhuri wa thelathini na nane ukakauka. Alirudi nyumbani na moyo mweupe.

Ijumaa ilikuwa na baridi ile kavu ya Juni inayopasua midomo. Saa kumi na moja jioni kamati ilikuwa ndani ya supamaketi, watu wanane na matoroli manane. Emery alikuwa mbele, nyuma yake Léocadie, halafu Zubeda, halafu Maman Célestine aliyejifunga blanketi kiunoni, na akina mama wengine wanne. Idd ilikuwa imepita siku chache tu na Zubeda alikuwa bado na hina mikononi. Kuku walikuwa wamerundikana kwenye matoroli kama mawe ya barafu. Watu wa foleni waliwapisha wakidhani ni hoteli.

Mfanyakazi wa kaunta alikuwa msichana mwenye kibandiko kifuani kilichosomeka Nokwazi. Alipitisha kuku wa Emery mmoja baada ya mwingine, mashine ikilia pii, pii, kisha akauliza kwa Kiingereza kama kuna kuponi.

"Zipo," alisema Emery, akamkabidhi kurasa tano zenye mihuri.

Nokwazi alizipokea. Aliupindua ukurasa wa kwanza, akauangalia nyuma. Akautazama tena mbele, ile kuponi ndogo katikati na muhuri mkubwa wa buluu pembeni yake, na sahihi, na tarehe, na cheo cha askari.

"Eish, baba," alisema polepole. "Hii ni nini?"

"Nakala. Imethibitishwa na polisi."

"Naona. Lakini mashine inataka kuponi yenyewe. Ninaiweka hapa kwenye droo, inabaki dukani. Imeandikwa." Akamwonyesha kwa kucha yake ndefu ule mstari mdogo, ambao kwenye nakala ulikuwa umetoka wazi kabisa, pamoja na mstari wa rula uliopigwa chini yake.

Zubeda alichungulia begani. Alipoziona zile kurasa alicheka kicheko cha kutoka tumboni.

"Mwalimu! Umempelekea askari kuku akamgongee muhuri? Wallahi hii nitaisimulia Tanga!" Kisha kicheko kikamwisha, kwa sababu alitazama nyuma na kuyaona matoroli manane. "Basi toa zile zenyewe. Ziko wapi?"

Hapo ndipo Emery alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya kamati. Alisema uongo.

"Nilizibakisha nyumbani," alisema.

Hazikuwa nyumbani. Zilikuwa kwenye bahasha, bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, na koti lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Alikuwa akizisikia pale kifuani. Alijua kinachotakiwa ni kidogo tu, kufungua vifungo viwili na kuingiza mkono. Lakini mkono ulikataa. Ulishika ukingo wa toroli na hautaki kuachia, na yeye mwenyewe aliuona kama mkono wa mtu mwingine.

Léocadie alimtazama mumewe, akalitazama koti. Miaka kumi na tano ya ndoa humfundisha mtu mahali bahasha ilipo.

Lakini Maman Célestine hakuwa na habari ya mifuko ya ndani. Alisikia nyumbani, akaanza kulifungua blanketi lake kiunoni.

"Munipe ufunguo," alisema. "Minaenda kuzileta."

"Maman, hapana," alisema Emery.

"Hapana nini? Duka inafunga saa moja. Ninyi mubakie na matoroli. Mi nitakimbia." Mama huyu alikuwa na miaka sitini na moja na goti moja ambalo lilimsumbua tangu akiwa Uvira, Kongo. Alikwisha kumpa mama wa nyuma mkoba wake na alikuwa akivua viatu vya kisigino, hapo hapo kwenye sakafu ya baridi, ili akimbie na soksi. "Murielle ni mutoto yangu pia. Wale wa Durban hawatakuja kutuchekelea hapa. Ufunguo, Papa Chloé!"

Akanyoosha kiganja.

Emery alikitazama kile kiganja. Aliona aibu, aibu ya kweli ile inayochoma masikio. Kumdanganya polisi, kumdanganya mwenye nyumba, labda mtu angejitetea. Lakini kumwacha mama huyu akimbie na soksi barabarani, avuke kwenye roboti, zile taa za barabarani, apekue chini ya kitanda asikute kitu, arudi akihema!

"Maman, uvae viatu," alisema. "Ninazo. Ziko hapa." Akajigusa kifuani.

Mashine ya kaunta ya jirani ililia pii.

"Unazo?" aliuliza Zubeda. "Sasa kwa nini hutoi?"

Watu wa nyuma walikuwa wameanza kunung'unika. Emery alijibu akiwatazama kuku.

"Nilipofika huku, mwaka wa kwanza, niliambiwa naweza kufundisha. Walimu walikuwa wanatafutwa. Nikaenda ofisi moja mu town. Iko mutu nyuma ya kioo, na kravati mu shingo, mutu muzuri, ananichekea vizuri. Anasema, mwalimu, tuachie diploma yako, ile yenyewe, uje Alhamisi. Nikamupa. Nikakuja Alhamisi. Nikakuta mutu mwingine. Yule wa kravati hawamujue, diploma hawaijue. Wananiuliza, uko na risiti gani? Sikuwa na risiti. Nikaandika Bukavu, wakanijibu zile karatasi za mwaka yetu ziliungua mu vita." Akamsogeza kuku mmoja kwa kidole. "Miaka munane nilifundisha na ile diploma, na leo ninaandika namba za magari. Njo maana. Mi najua ni kuku. Lakini mukono inakataa."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wanawake wale, ambao kila mmoja alikuwa na nyoka wake, hawakuwa na la kucheka. Hata Zubeda alishika mdomo kwa kiganja chenye hina. Miaka mitano walikuwa wamegonga mlango wa mtu huyu na barua zao, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini mwalimu analinda geti. Maman Célestine alivaa kiatu kimoja, akasahau cha pili.

"Anasema nini?" aliuliza Nokwazi, ambaye hakuelewa Kiswahili lakini alielewa nyuso.

Zubeda alimweleza kwa Kiingereza chake cha Turffontein, maneno machache tu: aliwahi kuwapa karatasi ya maisha yake, hawakuirudisha.

Léocadie alisogea karibu na mumewe, akanyoosha mkono chini, wengine wasiuone.

"Unipe mi, Papa Chloé," alinong'ona. "Mi ndio nitamupa."

Emery aliutazama mkono wa mkewe, akautamani. Ingekuwa rahisi sana. Lakini kesho yake alikuwa na kazi ya kumtoa Murielle kwa watu wa Durban mbele ya kanisa zima, na mtu gani huyo anayeweza kutoa dada lakini hawezi kutoa kuponi ya kuku?

"Hapana, Maman Chloé," alisema. "Nilizitunza mi, nitazitoa mi."

Akafungua kifungo cha kwanza. Akafungua cha pili. Bahasha ilikuwa na joto la mwili wake. Alitoa kuponi moja, akaishika kwa ncha za vidole viwili juu ya kaunta, na hapo ikakwama tena, nusu kwake nusu kwa Nokwazi. Wote wawili walikuwa wameishika.

Nokwazi hakuivuta. Alitumia mkono wa pili kuigeuza ile skrini ndogo mpaka ikamwelekea Emery.

"Angalia hapa, baba," alisema. "Usiniangalie mimi. Angalia hapa."

Emery aliangalia, na vidole vikaachia. Mashine ikalia pii. Kwenye skrini, chini ya majina ya kuku, ukajitokeza mstari mpya wenye neno kuponi na alama ya kutoa, na jumla yote ikashuka mbele ya macho yake. Hakuambiwa arudi Alhamisi, wala hakuhitaji kumuuliza mtu mwingine.

"Imeandika," alisema Emery.

"Imeandika. Na kwenye risiti itaandika pia. Kila moja."

"Kila moja?"

"Kila moja, baba."

Alitoa ya pili. Ilimchukua muda mfupi kuliko ya kwanza. Ya tatu aliitoa akitazama skrini tu, kama mtoto anayengoja picha ibadilike. Ya nne na ya tano zilikwenda pamoja. Risiti ilipotoka, ndefu, ikijikunja, Emery aliisoma palepale kaunta toka juu mpaka chini huku foleni ikisubiri, na hakuna aliyethubutu kumharakisha, kwa sababu Zubeda alikuwa amegeuka nyuma na kuiangalia foleni kwa jicho moja tu.

Zilikuwa ngapi? Tano. Zote zimeandikwa.

"Bon," alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya darasani. "Maman Célestine, vaa kiatu. Mupange mustari. Kila mutu tano, wa mwisho tatu."

Akatembea kando ya matoroli akigawa. Alimpa Léocadie tano, alimpa Zubeda tano, alimpa Maman Célestine tano, na kadiri bahasha ilivyopungua ndivyo alivyozidi kunyooka mgongo. Kwa mama wa nne alikwisha kuanza utani, akimuuliza kama anajua maana ya E&OE. Kwa wa mwisho aliigeuza bahasha juu chini na kuikung'uta. Zubeda, akisukuma kuku wake mbele, alianza kigelegele, na akina mama wa Kikongo wakakidaka, mpaka msimamizi wa duka akatoka ofisini kuona kuna nini, akakuta ni watu wanane wanaofurahia punguzo, akarudi zake.

Nokwazi alipomaliza toroli la nane, droo yake ilikuwa na kuponi thelathini na nane na kurasa tano zenye mihuri.

"Hizi nizitupe, baba?"

"Utanirudishia hizo," alisema Emery haraka. "Iko kazi ya polisi hapo."

Msichana alicheka kwa mara ya kwanza, akamrudishia.

Risiti zote nane alizikusanya yeye, maana ndiye mwandishi wa kamati. Alizipanga kwa saa zilizochapwa, akazilinganisha kingo, akawa anafungua kifungo cha koti ili azitie mfuko wa ndani. Matoroli yalikuwa yamefika mlangoni, yamejipanga moja nyuma ya jingine, na nje giza la Juni lilikwisha kuingia. Hapo mlinzi wa mlango, kijana mrefu mwenye koti la kampuni kama lile la Emery la kazini, akanyanyua mkono kuusimamisha msafara.

"Risiti, baba," alisema, akanyoosha kiganja.

Zubeda alitaka kusema kitu, Léocadie akamgusa kiwiko. Emery alizitazama risiti nane mkononi, kisha akamtazama yule kijana, koti lake, kofia yake, kalamu iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Akampa zote.

Mlinzi alizichukua na kuondoka nazo. Alianza toroli la mwisho, huko nyuma kabisa, akiinama, akihesabu kuku kwa kalamu, akifunua mifuko ya mchele, akimuuliza mama wa mwisho karamu ni ya nini, akasimama kuongea na mwenzake jambo la mpira, risiti zikiwa zimekunjwa ndani ya ngumi. Emery hakumfuata. Alisimama pale pale na mikono mitupu, akihema polepole mvuke mweupe, na Léocadie aliona vidole vyake vikicheza kwenye mshono wa suruali.

Mlinzi alikuja toroli kwa toroli mpaka la mbele. Akachora alama ya kalamu kwenye risiti ya mwisho, akazikusanya zote nane, akamwekea Emery mkononi.

"Sharp, baba, sawa," alisema. "Harusi njema."

Emery alizihesabu. Akazihesabu tena. Watu walipita pembeni na mifuko yao, na matoroli manane yalikuwa yameziba nusu ya mlango, lakini hakusogea.

"Maman Chloé," alimwambia mkewe. "Ona. Zimerudi. Zimerudi zote."